Kugeuza Helios ya Zenit kuukuu kuwa lenzi ya makro

Chukua lenzi ya milimita 58, kisha isogeze mbele ya mahali pake pa kawaida kwa milimita 58 nyingine. Mchwa wa milimita tano atajichora kwenye sensa, kile kibamba cha ndani ya kamera kinachopokea picha, kwa milimita tano zilezile. Hiyo ndiyo makro. Hesabu yake ni fupi: ukuzaji ni umbali uliouongeza nyuma ya lenzi, ugawanye kwa urefu wa fokasi wa lenzi hiyo (zile milimita zilizoandikwa juu yake). Ukiongeza milimita 29 kwa lenzi ya 58 unapata nusu ya ukubwa halisi. Ukiongeza 58 unapata 1:1, yaani ukubwa halisi.

Lenzi mpya ya makro yenye jina inaweza kukugharimu fedha za pikipiki iliyotumika. Sisemi ni mbaya. Nasema kazi yake kubwa ni kusogeza vioo mbele, na kazi hiyo hata kipande cha bomba la maji kinaiweza. Mwongozo huu ni wa Helios 44-2, lenzi iliyokuja na kamera nyingi za Zenit, lakini hesabu ni ileile kwa lenzi yoyote ya zamani ya milimita 50 hivi.

Kwa nini Helios

Zenit-E ilianza kutengenezwa mwaka 1965 huko Krasnogorsk, jirani na Moscow, ikauzwa kwa mamilioni. Kwa kawaida ilibeba moja ya lenzi mbili: Helios 44-2 ya milimita 58, f/2 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu la kupitisha mwanga ni pana), au Industar 50-2, kile kidogo chembamba cha milimita 50, f/3.5. Zote mbili zinafungwa kwa kuzungusha kama kifuniko cha chupa, kwenye hesi za milimita 42 zinazojulikana kama M42. Praktica za Ujerumani Mashariki na Pentax za zamani zilitumia hesi hizohizo, kwa hiyo ukikuta lenzi ya mojawapo ya hizo kabatini kwa mzee, usiikatae.

Sababu ya kuipenda Helios 44-2 ni ringi zake mbili za tundu la mwanga. Ya kwanza unaiweka f/8, mathalani. Ya pili haina vituo wala mlio; unaizungusha upande mmoja tundu linafunguka lote, upande wa pili linafunga na kukwama pale pale kwenye f/8. Kwenye makro hili ni tunu: unatafuta fokasi tundu likiwa wazi na picha iking'aa, halafu unafunga kwa kidole bila kuondoa jicho kwenye kamera. Lenzi za kisasa nyingi hazina ringi kabisa, na ukizitenganisha na umeme wa kamera huwezi kuziamuru kitu.

Kabla hujalipa

Washa tochi ya simu, iangaze kupitia nyuma ya lenzi, utazame kutoka mbele kwa pembeni kidogo. Unatafuta kuvu. Inaonekana kama mizizi myembamba au utando wa buibui juu ya kioo, na lenzi zilizokaa miaka mingi Tanga, Mombasa au Unguja ndani ya mfuko wake wa ngozi mara nyingi huwa nayo, maana ngozi hushika unyevu. Nyuzi mbili tatu ukingoni hutaziona kwenye picha. Kioo kikiwa na ukungu mweupe katikati, rudisha.

Mafuta kwenye majani ya chuma yanayofunga tundu huwaogopesha wanunuzi. Kwa lenzi ambazo majani yake hurushwa na springi, kweli ni ugonjwa. Helios 44-2 haina springi hiyo, majani yake unayasukuma mwenyewe kwa mkono, kwa hiyo mafuta hayo yatumie kuomba punguzo tu. Vivyo hivyo ringi ya fokasi iliyokuwa ngumu kwa grisi kukauka: kwenye makro utatafuta fokasi kwa kusogea wewe na kamera yako, ringi hiyo hutaigusa sana.

Lenzi nyingine za M42 zina kipini kidogo nyuma, ambacho kikibonyezwa ndipo tundu hufunga. Angalia kama pembeni kuna swichi ya A na M. Ikiwepo, iweke M na shida imekwisha. Isipokuwepo, tafuta adapta (ringi ya kuunganisha lenzi na kamera) yenye ukingo wa ndani unaokibonyeza kipini muda wote.

Kuishikisha kwenye kamera

Kila kamera ina umbali wake kati ya sensa na mdomo wa kufungia lenzi. Kwa M42 ni milimita 45.46. Canon EF ni 44, hivyo adapta yake ni ringi nyembamba ya milimita moja na nusu, ya bei ndogo. Nikon F ni 46.5, imezidi kidogo, na matokeo yake lenzi haiwezi tena kupata fokasi ya vitu vya mbali kama milima. Wauzaji hutibu hilo kwa kuweka kipande cha kioo ndani ya adapta. Usikinunue. Wewe humpigi picha Kilimanjaro, unampiga panzi, na kioo hicho cha bei rahisi kitaharibu picha bure. Sony E ni 18 tu, kwa hiyo adapta yake ni mrija wa karibu milimita 27 na nusu.

Ukishaifunga, kamera inaweza kukataa kupiga kwa kudhani haina lenzi. Kwenye Sony na Fujifilm, ingia kwenye menyu uruhusu kupiga bila lenzi. Kwenye Nikon ndogo za DSLR (kamera zenye kioo cha kuakisi ndani) weka M, yaani kila kitu kwa mkono. Kamera haitakupimia mwanga, utajaribu na kurekebisha. Canon za DSLR hupiga bila maswali.

Njia ya kwanza: mirija ya dukani

Seti ya mirija ya M42 huwa na vipande vitatu: milimita 7, 14 na 28. Jumla 49. Ni vyuma vitupu, havina kioo wala umeme, kwa hiyo hakuna sababu ya kununua vya bei kubwa. Unafunga adapta kwenye kamera, mirija kwenye adapta, Helios mbele.

Hapa hesabu inakaa vizuri ajabu. Ringi ya fokasi ya Helios ukiizungusha mpaka mwisho, kwenye nusu mita, lenzi yenyewe hujisogeza mbele kwa milimita kama 9. Tisa na arobaini na tisa ni hamsini na nane. Umefika 1:1.

Usiniamini mimi, pima. Weka rula mbele ya lenzi, tafuta fokasi, uhesabu milimita zinazoonekana kutoka ukingo hadi ukingo wa picha. Sensa ya Canon ndogo ina upana wa milimita 22.3, ukiona milimita 22 za rula, uko 1:1. Ukiona 11, ni mara mbili. Kwa sensa kubwa ya upana wa 36, gawanya 36 kwa milimita ulizoziona. Rula hiyohiyo itakupimia kila kitu utakachokiunda baadaye.

Njia ya pili: bomba la PVC

Mirija isipopatikana, au ukipenda kushika msumeno, tengeneza. Unahitaji kifuniko cha plastiki cha kamera yako (kile kinachozibia mdomo wake bila lenzi), kifuniko cha nyuma cha lenzi ya M42, kipande cha bomba, gundi ya epoksi ya mirija miwili, msasa na rangi nyeusi ya ubao wa shule.

Nenda na vifuniko vyako kwenye duka la mabomba, usikisie kwa macho. Unataka bomba ambalo mdomo wake unakaa juu ya vifuniko vyote viwili bila kuning'inia pembeni. Mimi nilipokuwa nalinganisha, muuzaji aliuliza, "Kaka, bomba la kupitisha nini?" Nikamwambia la kupitisha mwanga. Akanikatia futi moja na hakuniuliza tena.

Urefu ndio roho ya kazi. Ili Helios ifike 1:1 ringi yake ya fokasi ikiwa mwisho, umbali kutoka mdomo wa kamera hadi mahali lenzi inapokaa uwe kama milimita 50 kwa Canon EF, 48 kwa Nikon F, na 76 kwa Sony E. Hiyo ni jumla, pamoja na unene wa vifuniko. Pima vifuniko kwanza, toa unene wao, kinachobaki ndicho cha bomba.

Zungushia bomba karatasi yenye ukingo ulionyooka mpaka ncha zake zikutane sawasawa, piga mstari kwa kalamu kufuata ukingo huo, kata kwa msumeno wa chuma ukilizungusha bomba kidogo kidogo. Mkato hautatoka sawa, haujawahi kutoka sawa. Laza msasa juu ya kipande cha kioo cha dirisha, sugua mdomo wa bomba kwa mwendo wa duara mpaka usimame wima bila kutikisika. Mdomo ukienda upande, upande mmoja wa picha utakuwa na fokasi na mwingine hauna, na utailaumu lenzi bure.

Toboa vifuniko: cha kamera tundu la milimita 40 hivi, cha lenzi kama 35. Fundi seremala mwenye msumeno wa duara wa drili atakufanyia dakika mbili. Usiguse sehemu inayojifunga na kamera, wala hesi. Kazi hii ifanyike mbali na kamera, nje ikiwezekana. Ukimaliza osha vipande vyote kwa maji na sabuni, vikaushe, vifute tena. Unga wa plastiki ukiingia kwenye sensa utauona kwenye kila picha yenye anga au ukuta mweupe.

Ndani pake rangi ya ubao mara mbili. Bomba la PVC ni jeupe au la kijivu, na mwanga ukiruka ovyo mle ndani picha hutoka imepauka kama imefunikwa na moshi. Wapo wanaobandika mahameli nyeusi. Inanyonya mwanga vizuri kuliko rangi, lakini inaachia nyuzi, na nyuzi zina njia moja tu ya kwenda: kwenye sensa.

Gundisha kwa epoksi, simamisha juu ya meza iliyonyooka, acha saa 24. Supaglu isitumike. Mvuke wake huacha utando mweupe kwenye plastiki na kwenye kioo cha lenzi.

Njia ya tatu: kuigeuza

Mchwa akijaa karibu robo ya upana wa picha utaanza kutaka kichwa chake. Unaweza kuendelea kurefusha bomba, ila ukishavuka 1:1 lenzi inafanya kazi ambayo haikuundiwa. Iliundwa kitu kikubwa kiwe mbele na sensa ndogo nyuma. Sasa kitu ndicho kidogo, taswira yake ndiyo kubwa. Basi igeuze, mbele iwe nyuma.

Ringi ya kugeuzia ina hesi za filta upande mmoja na mdomo wa kamera upande wa pili. Helios 44-2 inachukua filta ya milimita 49. Ya kutengeneza nyumbani ni rahisi kuliko bomba: filta ya 49 iliyovunjika, toa kioo, gundisha ringi yake kwa epoksi katikati ya kifuniko cha kamera kilichotobolewa, hesi zinazoingia kwenye lenzi zikitazama nje.

Kadiri lenzi inavyokuwa fupi ndivyo inavyokuza zaidi ikigeuzwa. Ya 50 hutoa karibu na 1:1, ya 28 hupita mara mbili. Ndiyo maana 28 za zamani, ambazo watu huziona butu kwa picha za kawaida, mimi hununua bila kusita. Na kuna faida isiyosemwa sana: nyuma ya lenzi ya M42 iliundwa kukaa milimita 45 kutoka kwenye filamu, hivyo ukiigeuza mdudu hatawahi kukaribia zaidi ya sentimita nne na nusu hivi kutoka ukingo wake, hata uongeze mirija kiasi gani. Lenzi fupi isiyogeuzwa, yenye mirija mirefu, inaweza kumtaka mdudu agusane na kioo.

Lenzi iliyogeuzwa imeelekeza nje kioo chake cha nyuma, ambacho hakikuundiwa vumbi na mikwaruzo. Funga kale kamrija ka milimita 7 kwenye hesi zake za M42. Kanazuia mwanga wa pembeni, na ukijikwaa ndiko kanakogonga mti kwanza. Usishangae pia ukizungusha ringi ya fokasi na picha isibadilike: kinachosogea ni ganda la nje tu.

Mwanga, na hapa ndipo pa kutoa fedha

Waanzaji wengi hununua lenzi ya pili wakati walichokosa ni mwanga. Lenzi ikisogezwa mbali na sensa mwanga unaoifikia sensa hupungua: jumlisha moja na ukuzaji, kisha zidisha namba ya f unayoisoma kwa jibu hilo. f/8 kwenye 1:1 ni sawa na f/16. f/16 ni sawa na f/32, na hapo kila kitu kinalegea kwa sababu mwanga wenyewe hutawanyika ukipita tundu dogo. Kwa hiyo baki f/8, au f/5.6 ukifika mara mbili.

Hata kwa f/8 kwenye 1:1, sehemu inayoonekana kali ina kina cha kama milimita 0.6. Kwenye mara mbili ni robo ya milimita. Kupumua tu kunakutoa nje ya fokasi. Jua la saa sita linaweza kutosha, lakini hutoa vivuli vyeusi na kung'arisha gamba la mende kama bati.

Flashi yoyote ndogo ya kuweka nguvu kwa mkono inafaa. Iweke 1/8 au 1/16. Kwa nguvu hizo mwako wake ni mfupi sana na hugandisha mtetemo wa mkono. Kamera iwe M, shata 1/160, ISO (wepesi wa sensa kwa mwanga) 100 au 200. Sasa laini mwanga: kata dumu jeupe la maziwa, funga kwa mpira wa madaftari mbele ya flashi, lining'inie hadi juu ya mdomo wa lenzi. Kadiri dumu linavyomkaribia mdudu ndivyo linavyokuwa anga pana kwake. Mdudu mwenye gamba la kung'aa muongezee tabaka la karatasi ya jikoni.

Tahadhari moja kwa wanaookota flashi za miaka ya 1970 na 1980 pamoja na hizo Zenit: baadhi hutoa zaidi ya volti 200 kwenye mguu wake, na zinaweza kuunguza saketi ya kamera ya kidijitali. Iwashe ijichaji, pima kwa mita ya fundi umeme kati ya pini ya katikati na chuma cha pembeni. Ikisoma mamia, iache kabatini.

Uwanjani

Weka ukuzaji kwanza, usitafute fokasi kwa ringi. Viwiko kwenye mbavu au ardhini, mkono wa kushoto ushike jani lenyewe huku lenzi ikilalia juu ya mkono huohuo, ili jani na kamera vitikisike pamoja. Egemea mbele taratibu ukiangalia macho ya mdudu, na piga yanapoingia kwenye ukali. Piga ishirini, moja itakuwa nzuri. Mbili ukiwa na bahati.

Lushoto au Njombe amka mapema; baridi huwalemaza kereng'ende na vipepeo, na umande huwapamba. Dar es Salaam asubuhi haina baridi ya kumlemaza mtu. Huko tafuta vunjajungu, ambaye kusimama tuli ndiyo kazi yake, na buibui warukaji kwenye kuta, ambao wakisikia kitu hugeuka na kukutazama. Wakazi wa pembezoni mwa Ziwa Victoria, upande wa Kenya na Uganda, wana bahati ya pekee: Evarcha culicivora, buibui mrukaji anayependelea kuwinda mbu waliokwisha kunywa damu. Ni wa milimita chache tu. Kwa 1:1 atakaa kama kitone katikati ya picha, kwa hiyo mwendee na 28 iliyogeuzwa.

Kwa vitu visivyotembea, kama mbegu, ua au mdudu aliyekufa dirishani, weka kamera juu ya gunia dogo la mchele, sogeza kidogo kidogo na upige picha kumi au ishirini, kila moja ikiwa na fokasi nyuma kidogo ya iliyotangulia. Programu ya kompyuta ya Hugin ni ya bure: align_image_stack yake hupanga picha, na enfuse inayokuja nayo huchukua sehemu kali ya kila moja. Inachosha. Jicho la nzi lote likitoka kali utaisamehe.

Asiye na kamera ana simu. Chomoa kilenzi cha ndani ya tochi ya leza iliyokufa, kishike kwa kibanio cha nywele mbele ya kamera ya simu, kisha msogelee mdudu hadi milimita chache. Au shika Helios kinyume mbele ya simu kwa mkono: pembe zitakuwa nyeusi, katikati patakushangaza.

Ukirudi nyumbani usiirudishe lenzi kwenye mfuko wake wa ngozi. Tumia kopo la plastiki linalofunga barabara, na vile vipakiti vya jeli ya kukausha vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu.